Mnyama, Yai au Seli: Kuchagua Mahali pa Kukuzia Virusi kwa Uchunguzi na kwa Chanjo

Bakteria wengi hukua juu ya sahani yenye lishe ndani ya maabara, lakini kirusi hakina nyenzo zake chenyewe za kujizalisha, hivyo hakiongezeki mpaka kiingie ndani ya seli iliyo hai na kuitumikisha. Kwa sababu hiyo, kila anayetaka kukipata kirusi kwa wingi, awe anatafuta chanzo cha ugonjwa uliozuka kijijini au anatengeneza chanjo, hana budi kwanza kukitafutia mwenyeji. Wenyeji wanaotumika ni wa aina tatu: mnyama wa maabara, yai lenye kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika), na seli zinazokuzwa ndani ya chupa. Ulinganisho huu umekusudiwa kumsaidia daktari wa mifugo, mtaalamu wa maabara, mwanafunzi na mkuu wa kituo anayepanga bajeti, ambao wote siku moja watalazimika kuchagua.

Vitabu vingi huwapanga wenyeji hawa kama ngazi, mnyama akiwa chini kabisa kwa kuwa ni wa zamani, yai likiwa katikati, na seli zikiwa juu. Mpangilio huo unaeleza vizuri historia, lakini haumsaidii anayechagua. Ni kweli kwamba seli hushinda katika kazi nyingi, na nitasema wazi zinaposhinda. Lakini uamuzi mzuri huanzia kwenye maswali matatu, nayo ni kirusi chenyewe hukua vizuri wapi, unachohitaji ni jibu la uchunguzi au ni dozi za chanjo, na kila wiki utapata wapi wanyama, mayai au seramu (maji ya damu yanayolisha seli chupani) bila kukwama. Swali la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, na mara nyingi ndilo linaloamua kama kazi itadumu.

Mnyama: mwenyeji anayefichua usichokitarajia

Mwili mzima una seli za kila namna, na kwa hiyo mnyama anaweza kuonyesha kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Vitoto vya panya weupe ambavyo bado vinanyonya vina sifa ya pekee, kwa kuwa huugua kwa virusi vingi vinavyoenezwa na mbu, hata vile ambavyo panya mkubwa huvihimili. Afrika Mashariki ina ushahidi mwingi wa jinsi panya wanavyofichua virusi vipya. Mwaka 1937, damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile nchini Uganda ilipandikizwa kwa panya, na kirusi kilichopatikana kinaitwa hadi leo kwa jina la wilaya hiyo. Aprili 1947, kima aina ya rhesus mwenye namba 766, aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe ili watafiti waone kama homa ya manjano inazunguka humo, alipandisha joto. Damu yake ilipopandikizwa kwenye ubongo wa panya, kilipatikana kirusi ambacho hakikuwahi kujulikana kabla ya hapo. Miaka michache baadaye, katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, vitoto vya panya vilivyopandikizwa damu ya wagonjwa ndivyo vilivyofichua kirusi cha chikungunya, ambacho jina lake limetoka katika Kimakonde kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa.

Gharama ya uwezo huo, hata hivyo, ni kubwa. Panya hawafanani, wengine huwa na maambukizi yao yaliyojificha, na wote huhitaji nyumba safi, chakula, mtunzaji aliyefunzwa na kibali cha maadili, kwa sababu hawa ni viumbe wanaoumia. Jambo jingine ni muda. Katika uchunguzi wa kichaa cha mbwa, kipimo cha kupandikiza ubongo wa mbwa kwa panya hudai uwaangalie panya hao hadi siku 28 kabla ya kutamka kwamba sampuli haina kirusi. Seli za neva za panya zinazokuzwa ndani ya chupa hutoa jibu hilohilo kwa takribani siku 4 au pungufu, na kipimo cha kingamwili (protini zinazomtambua na kumnasa kirusi) zinazong'aa chini ya hadubini, ambacho hakihitaji kukuza chochote, huleta jibu ndani ya saa chache. Bila shaka mtu aliyeumwa na mbwa anayeshukiwa hapaswi kusubiri hata hizo saa chache: jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi, na chanjo huanza. Hata hivyo maabara inayoendelea kutegemea panya kwa swali hili, mahali ambapo hadubini hiyo au seli zinaweza kupatikana, inawatesa wanyama ili ipate jibu lililochelewa.

Kwa upande wa chanjo, historia ya mnyama ni ya kujifunza kwa uchungu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur, iliyotumika kwa mara ya kwanza kwa mtoto mwaka 1885, ilitokana na uti wa mgongo wa sungura, na baada yake zikaja chanjo zilizotengenezwa kwa ubongo wa kondoo na mbuzi. Ubongo huo uliokoa maisha mengi, lakini uliingia mwilini pamoja na mafuta na protini za neva, na kwa baadhi ya watu kinga ya mwili ikaamka kupigana na neva zao wenyewe, na kuwaacha wamepooza au wamekufa. Shirika la Afya Duniani limeshazitaka nchi ziache kabisa chanjo za namna hiyo. Chanjo ya homa ya manjano iliyokuzwa katika ubongo wa panya mjini Dakar ilizuia ugonjwa huo katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi, lakini ilisababisha uvimbe wa ubongo kwa baadhi ya watoto, na utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 1982. Kwa hiyo, kwa anayeuliza leo kama atengeneze chanjo mpya ndani ya mnyama, jibu langu ni hapana.

Yai: maabara ndogo iliyofungwa kwa ganda

Mwaka 1931, Ernest Goodpasture na Alice Woodruff, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, walionyesha kwamba kirusi cha ndui ya kuku hukua juu ya utando wa yai lenye kiinitete. Ugunduzi huo ulibadilisha mambo kwa sababu nyepesi kueleweka: yai huja likiwa limefungwa, kinga yake bado ni changa, halihitaji kulishwa, na ndani yake mna vyumba kadhaa vinavyopendwa na virusi tofauti. Virusi vya ndui hupandikizwa juu ya utando wa nje wa yai la siku 10 hadi 12, navyo huacha vidonda vyeupe vinavyoonekana kwa macho. Virusi vya mafua na vya mdondo wa kuku, ambao wengine huuita kideri, hupandikizwa katika mfuko wa alantoisi, ambao hukusanya taka za kiinitete, wa yai la siku 9 hadi 11, na huvunwa pamoja na maji ya mfuko huo. Kifuko cha kiini hutumika mapema zaidi, yai likiwa na siku 5 hadi 7.

Ufundi wa yai hufunzika, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaoliogopa. Unalipima yai gizani kwa taa ili uione mishipa ya damu na kiinitete kikijongea, unaweka alama mahali pasipo na mshipa mkubwa, unasafisha ganda, unatoboa, unapandikiza, unaziba kwa nta na kulirudisha kwenye mashine ya kutotolea. Kiinitete kinachokufa ndani ya saa 24 za mwanzo huhesabiwa kuwa kimekufa kwa sindano au kwa bakteria, wala si kwa kirusi. Kabla ya kuvuna, mayai hulazwa kwenye friji usiku kucha ili mishipa ya damu isinyae na maji yatoke safi. Kisha tone la maji hayo huchanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku. Zikishikamana badala ya kutuama chini, unajua kwamba kirusi cha mafua au cha mdondo kinaweza kuwa kimo. Kipimo hicho hakihitaji mashine yoyote ya bei kubwa, na jibu hupatikana katika muda usiozidi saa moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chanjo ya I-2. Watafiti wa Australia, wakiongozwa na Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, walichagua kirusi cha mdondo kisichosababisha ugonjwa na kinachostahimili joto, wakakitoa kwa nchi zilizohitaji kujitengenezea chanjo ya kuku wa kienyeji. Tanzania ilikipokea, na chanjo hiyo, ambayo wafugaji wanaifahamu kwa jina la TEMEVAC, hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Hapa yai linaonyesha uwezo wake wote: kirusi ni hai, kikiingia kwa kuku kinajizidisha chenyewe, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha, na maji ya yai moja hutosha kuchanja kuku mamia.

Sasa linganisha na chanjo ya mafua ya binadamu, ambayo nyingi yake bado hukuzwa katika mayai yaleyale. Chanjo hiyo kwa kawaida ina kirusi kilichouawa, ambacho hakitajizidisha ndani ya mtu, hivyo kiasi chote cha protini kinachohitajika lazima kitoke kiwandani, na hesabu ya jumla huwa takribani yai moja kwa kila dozi. Nchi inayohitaji dozi milioni kadhaa inahitaji mayai milioni kadhaa, yaliyoagizwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia kwamba yai ni rahisi au ni ghali kabla hajakueleza kama chanjo ni hai au imeuawa.

Udhaifu wa yai upo, na mwingine hauonekani kwa nje. Kuku mama aliyechanjwa hupitisha kingamwili katika kiini cha yai, nazo zinaweza kupunguza mavuno. Kuku mgonjwa anaweza kupitisha vimelea kwa yai lenyewe. Katika miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba chanjo ya homa ya manjano ilikuwa na kirusi cha saratani ya damu ya kuku, na ndiyo maana viwanda vya chanjo za binadamu sasa hudai mayai ya kuku wanaofugwa kwa ulinzi mkali, wasio na vimelea vilivyoorodheshwa. Aidha, kirusi cha mafua ya binadamu kinapozoea yai kinaweza kubadilika kidogo, chanjo ikaacha kufanana vizuri na kirusi kinachozunguka mitaani. Tatizo hili limeonekana hasa katika aina ya H3N2. Hatimaye, mafua ya ndege ya H5N1 huua viinitete na kutishia kuku wanaotaga, kwa hiyo yakizuka, yanaweza kushambulia chanzo chenyewe cha mayai. Pamoja na hayo yote, chanjo ya homa ya manjano ya 17D, iliyomletea Max Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951, bado hutengenezwa kwa viinitete vya kuku, na dozi moja inatosha kwa maisha yote.

Seli: chupa iliyomaliza sotoka

Mwaka 1949, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walionyesha kwamba kirusi cha polio hukua katika seli za binadamu zisizo za neva, na mwaka 1954 walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo seli zimekuwa mwenyeji mkuu. Seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika na kuanzishwa nchini Japani mwaka 1962, hukubali virusi vingi kwa sababu hazitengenezi interferoni, protini ambayo seli nyingine huitumia kuonya jirani zake. Seli za mbu, zinazokuzwa kwenye nyuzi joto 28, ni nzuri kwa dengi na chikungunya. Seli za BHK, zilizotokana na figo za vitoto vya hamsta, hukuzwa kwa wingi viwandani kwa chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ukiangalia kwa hadubini, unaona seli zilizoshambuliwa zikiviringika, zikiungana au kujibandua kwenye chupa, na mtazamaji mzoefu anaweza kukisia kundi la kirusi kabla ya kipimo kingine.

Hakuna mfano unaozipima seli na mnyama waziwazi kuliko sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe kwa wingi, kwa kuwa mashindano hayo yalifanyika Kenya, kwa kirusi kilekile. Huko Kabete, karibu na Nairobi, kirusi cha sotoka kilidhoofishwa kwa kupitishwa katika mbuzi mmoja baada ya mwingine, na chanjo ikatengenezwa kwa viungo vya mbuzi hao. Chanjo hiyo iliokoa mifugo mingi, lakini ilikuwa kali kwa ng'ombe wa aina nyepesi kuathirika, na kila mbuzi alikuwa chanzo kipya cha mashaka, kwani hakuna aliyejua ana vimelea gani vingine. Kisha Walter Plowright na R. D. Ferris, waliokuwa katika kituo cha utafiti cha Muguga, walikichukua kirusi kiitwacho Kabete O wakakikuza katika seli za figo za ng'ombe. Baada ya kupitishwa chupa hadi chupa takribani mara 90, kirusi hicho kilikuwa kimepoteza ukali wake, nacho kiliacha kinga ya kudumu kwa ng'ombe wa kila aina. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962. Baadaye kirusi hicho kilikuzwa katika seli za Vero na kukaushwa kwa namna iliyokiwezesha kukaa hadi mwezi mmoja bila barafu, jambo lililowafungulia wachanjaji njia ya kuwafikia wafugaji wahamaji. Mlipuko wa mwisho uliothibitishwa ulikuwa kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa haina sotoka tena. Tofauti iliyoleta ushindi huo ilikuwa usawa wa kila chupa: unaweza kuipima leo na kuipata ileile mwakani, jambo ambalo mbuzi hawezi kukuahidi.

Seli nazo si malaika. Chanjo ya polio ya mwanzoni ilikuzwa katika figo za kima, na mwaka 1960 iligundulika kwamba figo hizo zilikuwa na kirusi cha SV40, ambacho kilikuwa kimeingia katika dozi za mamilioni ya watu. Seramu ya ndama inayolisha seli inaweza kubeba kirusi cha kuhara cha ng'ombe, na mikoplazma, bakteria wadogo sana, huishi kimya ndani ya chupa kwa wiki nyingi bila kuharibu sura ya seli. Zaidi ya hayo, seli hazisamehe uzembe wala umeme wa kukatika: zinahitaji kabati la usalama, kaboni dioksidi, nitrojeni ya kimiminika ya kuzihifadhi, na seramu inayoagizwa kutoka nje. Chupa iliyopoa usiku mmoja inaweza kupoteza kazi ya mwezi. Yapo pia mambo zisizoyaweza, kwani baadhi ya virusi vya Coxsackie vya kundi A bado hukua vizuri zaidi katika vitoto vya panya kuliko katika chupa.

Inafaa pia kutaja kwa ufupi mwenyeji wa kati: chanjo ya surua hukuzwa katika seli za viinitete vya kuku, yaani yai huvunjwa na seli zake huwekwa chupani. Hapo faida za pande mbili hukutana, na hatari ya mzio wa mayai hupungua sana kuliko katika chanjo inayokuzwa katika yai zima.

Uchague lipi?

Ikiwa kazi yako ni uchunguzi tu, jiulize kwanza kama unahitaji kukuza kirusi. Kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kirusi, hukitaja kirusi kwa saa chache, na kirusi kilichomo katika sampuli kinaweza kuuawa kabla ya kupimwa. Kukuza kunabaki na thamani pale unapohitaji kirusi kilicho hai, kwa mfano kulinganisha kirusi cha miguu na midomo kilichoko malishoni na kile kilicho ndani ya chanjo, au pale ambapo vipimo vyote vimeshindwa na wagonjwa wanaendelea kuongezeka. Kwa kazi hizo chagua seli za aina mbili au tatu tofauti, na panya abaki akiba ya mwisho katika kituo cha taifa chenye kibali. Virusi vya Ebola, vya Homa ya Bonde la Ufa na vya H5N1 visikuzwe kamwe katika maabara ya kawaida, hata kama vifaa vinaonekana kutosha. Peleka sampuli kwenye maabara yenye ulinzi wa kiwango kinachostahili.

Ikiwa tatizo lako ni magonjwa ya kuku, anza na yai, kwa uchunguzi na kwa chanjo hai pia. Sioni sababu ya kituo cha kanda kununua vifaa vya seli kwa ajili ya mdondo, wakati virusi vyake hukua vizuri katika yai na wahudumu wanaweza kufunzwa bila kutegemea vifaa vya kuagizwa nje. Kwa chanjo za ng'ombe, mbuzi na kondoo, nenda kwenye seli, lakini usianze kabla hujahakikisha umeme wa akiba na mnunuzi wa dozi kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kiwanda cha seli kinachosimama na kuanza tena hupoteza mbegu zake na wataalamu wake. Kwa chanjo ya mafua ya binadamu, ningeshauri nchi isiyo na kiwanda cha mayai leo ianze moja kwa moja na seli, maana kujenga mashamba ya kuku wenye ulinzi huo ni mradi mzito peke yake, na mafua ya ndege yanaweza kuufuta katika msimu mmoja.

Kwa anayeanza na yai, kitu cha kwanza kutafuta si mashine ya kutotolea. Mtafute mfugaji mwenye majogoo na mitetea wa kutosha, umuulize kuku wake wamepata chanjo zipi, kisha uchukue damu ya baadhi yao uipime kingamwili za mdondo. Zikionekana, mwombe atenge kundi dogo lisilochanjwa, ndani ya uzio, mbali na kuku wa jirani, na umlipe bei inayolingana na hatari anayoibeba, kwa sababu kuku asiyechanjwa anaweza kufa wiki yoyote mdondo ukipita, na pamoja naye yakakosekana mayai ya chanjo ambayo ingewalinda kuku wa kijiji kizima.